Hifadhi Iliyo Mlangoni Petu
Watalii wanaotua uwanja wa ndege wa KIA huwa na haraka ya Serengeti na Ngorongoro, na sisi wenyeji tumeiga haraka hiyo, tukaipa kisogo Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyo mlangoni. Kama shida yako ni simba, kweli, usiende. Lakini ukichepuka Usa River na kuingia lango la Ngongongare, punde twiga wanakukodolea macho kwenye uwanda wa Serengeti Ndogo. Mbele kidogo msitu unafunga, na mbega wananing'iniza mikia yao myeupe juu ya barabara. Kasoko ya Ngurdoto utaichungulia ukingoni tu, kushuka hairuhusiwi; huko chini ni kwa nyati. Utamu wenyewe, kwa maoni yangu, ni ile njia ya vumbi na mawe inayopanda ubavu wa Meru, mlima wa mita 4,566, hadi kwenye mkuyu mkubwa ulioachama kama lango, gari likapita katikati ya mizizi yake. Wazazi wa Arusha na Moshi, kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni: wapelekeni watoto, na redio ya gari mzime.