Barafu Nyingi si Baridi Nyingi

Mwaka huu sitaandika juu ya mapenzi ya shuleni wala utovu wa nidhamu, mada ambazo kalamu zetu zimezichosha. Nataka tuzungumzie barafu. Naam, barafu, papa hapa Machakos kwenye jua kali!

Watu wengi huamini kwamba friji iliyojaa barafu ndiyo friji nzuri. Mwenye duka akiona kuta za friji yake zimeganda mabonge meupe, hufurahi. Mimi napinga. Kila mlango unapofunguliwa, hewa yenye unyevu huingia, na unyevu huo huganda juu ya mabomba ya kupozea. Haba na haba hujaza kibaba! Barafu hiyo huwa kama blanketi: huzuia joto la vyakula lisiyafikie mabomba. Mashine inanguruma kutwa kucha, stima inaliwa, na maziwa yanachacha vile vile.

Jambo hili si la madukani tu. Friji ya chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na wahudumu hufundishwa kuyeyusha barafu inapopita unene wa nusu sentimita. Friji ikishindwa kazi, anayeumia ni mtoto aliyebebwa mgongoni kutoka mbali kuja kudungwa dawa isiyofaa.

Sasa nauliza, nani anaipima hiyo nusu sentimita? Wengi hukisia kwa jicho. Kipimajoto nacho hueleza baridi, hakielezi unene. Kwa hivyo naonelea tutie nyaya. Chukua vihisio viwili vidogo vya joto vyenye nyaya. Kimoja kifungwe kwenye bomba, cha pili kikae nusu sentimita kutoka hapo. Pasipo na barafu, cha pili husoma joto la hewa, ambalo liko juu kuliko la bomba. Barafu ikikifunika, vipimo vyote viwili hukaribiana. Hapo taa ndogo inawaka: yeyusha!

Wazo hili si geni. Iko mitambo ya kupozea maziwa ambayo hutengeneza barafu makusudi ili kuweka akiba ya baridi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto linaloweza kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Hata hivyo, barafu hiyo haiachwi ijiotee tu. Ncha za nyaya huwekwa ndani ya maji. Kwa kuwa barafu haipitishi umeme kama maji, ikizifikia ncha hizo umeme hupungua na mashine hujizima. Ikiwa barafu inayotakiwa hupimwa, je, ile isiyotakiwa?

Wapo watakaosema, "Si uikwangue tu na kisu?" La hasha! Kisu kikitoboa bomba, gesi inatoka na friji imekufa. Wengine watadai hiyo ni kazi ya mafundi. Jamani, mambo ya umeme na joto tunayasoma kwenye Fizikia, tunayakariri, tunayatapika kwenye mtihani, kisha basi. Elimu gani hiyo isiyofika jikoni?

Ninapendekeza hivi. Wenzetu wa chama cha sayansi waunde kifaa hiki wakijaribu kwenye friji moja ya hapa shuleni. Nasi wa Chama cha Kiswahili tuandike kibao cha maagizo cha kubandika mlangoni, kwa lugha ambayo mpishi na mwenye duka wataielewa, maana vitabu vya friji nyingi huja kwa lugha za wenyewe. Kikifaulu, tukipeleke kwenye mashindano ya sayansi, halafu zahanati.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu ukuta wenyewe ni wa barafu, na unajijenga kila siku.