Bi Harusi, Ulikuwa Ukioga Wapi?



Leo nataka kusema jambo ambalo masomo wetu hawalisemi. Tunamfunda mwari kuhusu singo, liwa, udi na namna ya kumpokea mumewe. Tunamuuliza kama anajua josho la janaba na nia yake. Lakini sijapata kumsikia somo akimuuliza mwari: mwanangu, tangu utotoni ulikuwa ukioga maji ya wapi?

Mimi ni mtoto wa Unguja mjini, nimekulia maji ya chumvi. Mume wangu alipopata kazi bara nilimfuata, nikajikuta Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa ndani ya Mbinga. Kule hakuna bwawa la kuogelea la kulipia. Bwawa la watu wote ni ziwa lenyewe. Wanawake hushuka na ndoo, masufuria, nguo chafu na watoto. Wanaosha vyombo, wanafua, wanaoga, wanapiga soga. Hatua chache pembeni usipa umeanikwa juani. Maji ni maangavu, unaona mchanga chini. Nami niliingia na kanga yangu, nikamshukuru Mola.

Sikujua kwamba ndani ya maji yale mazuri kuna kichocho.

Jirani yangu mmoja alikuwa bi harusi wa miezi mitatu. Siku moja alikuja kwangu analia. Kila akikutana na mumewe anatokwa na damu, na maumivu hayasemeki. Zahanati aliyokwenda walimpa dawa za magonjwa ya zinaa bila kumpima. Mume aliposikia hilo jina akaanza maswali: umeyapata wapi? Mkwe naye akasema mtoto wa watu hakufundwa. Binti akarudishwa kwao na nguo zake kwenye beseni.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyemuuliza swali moja tu: unaoga wapi? Akapimwa mkojo, yakaonekana mayai ya kichocho. Akapewa dawa. Mume alikwenda kumchukua, naye akarudi. Lakini maneno aliyoambiwa hayakurudi mdomoni mwa waliyoyasema.

Tuelewe ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanaanguliwa na vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo wa maji baridi. Vinakua humo na kuzaana, kisha vinatoka kwa maelfu, zaidi saa za jua kali. Vikikutana na ngozi ya mtu vinapenya kwa dakika chache, bila jeraha, wala si lazima umeze maji. Mwilini vinakuwa minyoo, dume na jike, wakikaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, kwa miaka. Mayai yao yana mwiba. Mengine hutoka na mkojo, ndiyo ile damu ya watoto. Mengine hukwama kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, muwasho, uchafu, maumivu na damu wakati wa tendo la ndoa. Yakiachwa yanaweza kuzuia mimba au kuifanya itunge nje ya kizazi, na vidonda hivyo vinahusishwa na hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana kichocho cha sehemu za siri, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Wangapi kati yao wameitwa malaya kwa ajili ya konokono?

Na usiseme maji yakiwa maangavu yana usalama. Mwaka 1992, upande wa Malawi wa ziwa hili hili, Wamarekani wawili wa kujitolea walioogelea Cape Maclear, ufuko maarufu kwa watalii, walipata kichocho kilichofika mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Zamani watu waliamini fukwe za mchanga zilizo wazi hazina hatari. Kumbe yuko konokono anayeishi kwenye mchanga huo huo. Wataalamu wamehusisha kuongezeka kwa ugonjwa na kupungua kwa samaki wanaokula konokono, waliovuliwa kupita kiasi karibu na ufuko.

Nyinyi wa visiwani msiseme haya ni ya bara. Bahari haina kichocho, maana konokono wake hawaishi maji ya chumvi. Lakini mito na mabwawa ya mashamba ya Unguja na Pemba wanayo. Serikali imegawa dawa kwa miaka mingi, ugonjwa umepungua sana, lakini haujaisha. Wangapi kati yetu tuliogelea mtoni tukitoka skuli?

Sasa hoja yangu ni hii: aibu tumeiweka mahali pasipo pake. Tumemvisha aibu mwanamke anayetokwa na damu, na tumemvua anayekojoa majini. Huyo wa pili tunacheka naye, tunasema ziwa ni kubwa.

Kweli, ziwa ni kubwa. Kwa fiqhi yetu ya Shafi maji yaliyozidi kulateni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu, na Ziwa Nyasa limezidi kulateni mara zisizohesabika. Udhu wako utasihi. Lakini twahara ni jambo moja na usalama wa mwili ni jambo jingine. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alikataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Akatahadharisha pia juu ya kwenda haja kwenye vyanzo vya maji, kuwa ni jambo linalomletea mtu laana za watu. Karne nyingi baadaye ndipo hadubini imetuonyesha vijidudu vya konokono. Sisi tulikuwa na katazo mkononi muda wote.

Kwa hiyo, mama, mfundishe mtoto wako kukojoa chooni kabla ya kushuka ziwani, kama unavyomfundisha kusema Bismillahi. Pakiwa hapana choo karibu na ufuko, kukijenga ni sadaka inayoendelea. Maji ya kuoga yateke, uyachuje kwa kitambaa, uyaweke kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili. Vijidudu visivyopata mwili hufa. Au yachemshe. Usitegemee kujifuta haraka kwa taulo.

Na wewe bi harusi uliyekulia ziwani, mtoni au bwawani, nenda ukapimwe kabla ya nikaha. Mkojo ukionekana safi na dalili bado zipo, omba daktari akuangalie shingo ya kizazi, kwa sababu mayai yanaweza kuwepo huko bila kuonekana kwenye mkojo. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wako, na ni vizuri uinywe ukiwa umekula. Anayenyonyesha anaweza kuinywa, na mjamzito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Inaua minyoo, lakini makovu yaliyokwisha kuwepo huenda yakabaki, ndiyo maana kuwahi ni bora. Ndimu, shabu na majani ya kujisafishia ndani hayamfikii mnyoo, yanakuongezea kidonda.

Nanyi waume, na wakwe: kichocho hakiambukizwi kitandani. Hakina uhusiano na tabia ya mtu. Kinahusiana na maji.

Mnaokwenda fungate kwenye hoteli zenye mabwawa, bwawa lenye klorini ya kutosha halina kichocho, lakini adabu ni ile ile. Oga kwanza, nenda chooni kwanza. Ile harufu kali mnayodhani ni usafi mara nyingi ni klorini iliyochanganyika na jasho na mkojo wa watu.

Masomo wangu, ongezeni swali moja kwenye mafundo yenu. Ni maneno mawili tu. Muuguzi wa Lipingo aliyauliza, na ndoa ikarudi.

Allah atupe afya na sitara. Wabillahi tawfiq.