Kisangani: Frankenstein wa Baghdad angeeleweka upesi Bangboka

Kuna riwaya moja inayostahili kusomwa kwa sauti redioni, isikike kuanzia Bangboka karibu na uwanja wa ndege hadi Lubunga ng'ambo ya mto. Ni Frankenstein wa Baghdad, ya Ahmed Saadawi wa Iraki. Ilitoka kwa Kiarabu mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya ya Kiarabu.

Saadawi ameisimulia upya hadithi ya Mary Shelley, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1818. Mle, kijana msomi anaunganisha viungo vya maiti, anavipa uhai, kisha anamkimbia kiumbe wake. Katika Baghdad ya 2005 hakuna maabara. Yupo Hadi, muuza vitu chakavu, mlevi na muongo anayejulikana mtaani. Mabomu yakilipuka, anaokota vipande vya watu barabarani na kuvishona pamoja, ipatikane maiti moja kamili ya kuzikwa kwa heshima. Anayasimulia haya mkahawani, watu wanacheka. Msomaji naye anacheka. Kitabu kina utani mwingi.

Kabla ya maziko, maiti inaamka na kwenda zake.

Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa kwa nini Hadi anashona. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa inataja raia waliouawa kati ya 244 na 760. Pengo hilo la watu zaidi ya 500 si hesabu tu. Kila mmoja alikuwa na mama. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, lakini fidia huuliza jina, na kipande cha mwili hakina jina.

Halafu kiumbe anaanza kulipiza kisasi kwa ajili ya kila kiungo chake. Akishalipiza, kiungo kile kinaoza, naye anatafuta nyama nyingine. Wapo wanaomwita mkombozi. Mwishowe anamuua mzee asiye na kosa, apate macho tu.

Hapo jamaa za Wambole na Walengola, zilizokimbia makwao tangu 2023 kwa ugomvi wa ardhi, huenda zikanyamaza kidogo. Kila upande una maiti wake wa kuhesabu.

Atakuwepo wa kusema kwamba wahami wanataka turubai na unga, si hadithi za maiti. Turubai zinatakiwa, kweli. Ila jioni, chini ya turubai hizo, watu wanasimuliana vita vile vile, na mtoto anasikia.

Yumo pia bibi Elishva, ambaye mwanawe alipotea vitani miaka 20 nyuma. Kiumbe anapoingia kwake, bibi hamuulizi ameua nani. Anampa nguo za mwanawe. Sehemu hiyo ndiyo ingefaa kusomwa kwanza, kwa Kiswahili na kwa Lingala.