Kocha Alipoacha Kupanga

Machi 31, 2001, mjini Minneapolis, Duke walikuwa wanaaibishwa. Ni nusu fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, mara ya nne msimu ule kukutana na Maryland, na ubao unasoma 39 kwa 17. Pengo la pointi 22! Hapo makocha wengi (wa kwetu ndio usiseme) wangefoka hadi mishipa ya shingo iwatoke. Kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, alikwenda kinyume: aliwaambia vijana kwamba vibaya kuliko hapo hawawezi kucheza, basi waachane na mipango yake, wacheze tu. Kufikia mapumziko Maryland walikuwa mbele 49 kwa 38. Kipindi cha pili wachezaji wake Shane Battier na Jay Williams wakaubeba mchezo, na Duke wakashinda 95 kwa 84. Wapo wanaoita hiyo bahati. Bahati gani inafunga pointi 57 kwa dakika 20? Siku mbili baadaye waliwafunga Arizona 82 kwa 72, wakatwaa ubingwa. Kocha unayenisoma, Jumamosi hii jaribu kukaa kwenye benchi.