Mgeni Mpe Jembe

Wako watu wauzao motokaa mpya za bei nafuu zitokazo nchi za ng'ambo, nao hulalamika kuwa wanunuzi wa Kenya hawana haki. Husema kuwa mtu huonyeshwa motokaa nzuri, yenye viti laini na rangi ing'aayo, lakini huipa kisogo akaenda kununua Toyota iliyokwisha tumika Japani kwa miaka saba. Ati huo ni utumwa wa jina! Mimi nakana. Shaka ya mnunuzi si ujinga wala si chuki. Shaka ni haki yake, na mgeni ndiye apasaye kuiondoa, tena kwa gharama yake mwenyewe.

Fikiri, ewe msomaji, motokaa ni nini katika nyumba ya mtu wa mshahara mdogo. Kwa tajiri ni chombo cha safari tu. Kwa mwalimu, muuguzi au mwenye duka dogo ni ghala vilevile. Akiba ya miaka mingi imo ndani yake, na siku ya karo au ya ugonjwa ghala hilo hufunguliwa: motokaa huuzwa. Basi bei zake ni mbili: ile aliyoitoa siku ya kununua, na ile atakayopewa siku ya kuuza. Mtu aliyepunguziwa shilingi laki mbili siku ya kwanza, akapoteza laki tano siku ya mwisho, hakupata rahisi. Wazee walisema kweli kwamba rahisi yavunja upishi.

Tena bei hiyo ya pili haitungwi na tangazo la mwuzaji. Hutungwa na fundi wa gereji, aujuaye mtambo au asiyeujua; na mwenye duka la vipuri, aliye navyo au asiye navyo; na mnunuzi wa pili, ambaye huwauliza hao wawili kabla hajafungua mfuko wake. Watu watatu hawa ni mahakimu wasiohongeka. Wakinyamaza mbele ya jina geni, si kwamba wanalichukia. Hawajaona kitendo chake.

Historia yathibitisha neno hili. Mwaka 1986 kampuni ya Hyundai ya Korea ya Kusini ilianza kuuza Marekani motokaa iitwayo Excel, kwa bei iliyoanzia dola 4,995. Watu waliikimbilia kwa urahisi wake, wakanunua zaidi ya 100,000 katika mwaka ule mmoja. Kisha ubovu ukajionyesha, na jina la Hyundai likawa mzaha midomoni mwa watu. Je, kampuni iliwalaumu Wamarekani kwa kukosa imani? Kama ingalifanya hivyo, ingalipotea. Ilijitahidi kutengeneza motokaa bora, na mwishoni mwa 1998 ikatangaza dhamana ya miaka 10 au maili 100,000, yaani kama kilometa 160,000, kwa injini na giaboksi. Maana yake ni hii: mtambo ukifa, hasara ni yetu, si yako. Ahadi ni deni, na ajifungaye kwa deni kubwa namna hiyo hana budi kutengeneza kitu kigumu, au deni litamfilisi. Mwaka 2004, katika uchunguzi wa J.D. Power juu ya kasoro za motokaa mpya, Hyundai ililingana na Honda. Lakini dhamana ile nzima ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza tu. Wa pili alipunguziwa ikawa miaka 5 au maili 60,000. Ahadi isiyoifuata motokaa kwa mwenyewe wa pili ni nusu ya ahadi, wala haistahili sifa nzima.

Mtazame sasa jirani yake. Daewoo, nayo ya Korea ya Kusini, iliingia Marekani mwaka 1998 kwa bei rahisi. Mwaka 2000 ilifilisika, na mwaka 2002 mauzo yake huko yakakoma. Walioinunua walibaki na motokaa yatima. Nani atatoa bei nzuri kwa yatima?

Hata hivyo, sisemi tuyaabudu majina makubwa, kwa maana nayo yalikuwa mageni. Toyota ilipopeleka Crown yake Marekani mwaka 1957, haikuziweza barabara za mwendo wa kasi za huko, na baada ya miaka michache ikaondolewa sokoni. Hapa kwetu, Nissan ilileta motokaa zake katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963. Mwaka ule waliondoka zaidi ya 80, wakafika mwisho 7 tu, na Nissan haikuwamo. Haikulaumu matope yetu. Ilirudi tena na tena, hata mwaka 1970 Datsun yake ikashika nafasi ya kwanza. Heshima waliyo nayo leo hawakuipewa bure, waliilipia.

Basi, ninyi vijana mtakaonunua kesho, msimcheke mgeni kwa kuwa ni mgeni, wala msimkumbatie kwa kuwa ni rahisi. Mwulizeni: Vipuri viko nchini, au vingali njiani baharini? Mafundi wangapi umewafundisha? Dhamana yako itamfuata yule nitakayemwuzia? Na motokaa ikiharibika mwaka wa sita, nitakukuta hapa? Akijibu kwa matendo, mnunueni, na bei yake ya pili itapanda yenyewe. Akijibu kwa kununa, mwacheni aende zake.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Asiyetaka kulima asidai sehemu ya mavuno.