Mtu Hodari na Mkubwa Wake

Mwezi huu twataka kujibu swali la mwalimu mkuu mmoja aliyekuja barazani petu jioni, akaketi, akanywa kahawa, kisha akasema: "Ndugu zangu, watu hodari hawakai kwangu. Akija mmoja, mwaka haupiti ila amekwenda zake. Wavivu ndio wanaodumu. Je, kasoro ni mshahara?" Tukamjibu kwamba mshahara ni neno, wala si neno dogo, lakini si neno lote. Akaaga bila kuridhika; na sisi wenyewe, kusema kweli, hatukuridhika na jibu letu. Basi leo twalirudia kwa urefu.

Wala mtu asiseme, "Mimi si mkubwa wa kitu, habari hii hainihusu." Baba ni mkubwa nyumbani mwake, mama ni mkubwa wa mabinti zake, fundi ni mkubwa wa wanafunzi wake, na mwenye shamba ni mkubwa wa wachumaji wake wakati wa karafuu. Kila mmoja wao iko siku hupitiwa mlangoni na mtu mwenye kipawa kuliko wenzake, naye ama humpata ama humpoteza.

Tuanze na mambo ya hapa petu. Upande wa kusini mashariki wa mji wetu wa Chake Chake, kiasi cha kilomita 10, ndipo penye magofu ya Pujini, ngome ya karne ya 15. Wazee husimulia kwamba aliyeijenga ni Mkama Ndume, na jina hilo hulifasiri kuwa ni mwenye kuwakama wanaume, kama mtu akamavyo ng'ombe. Husimulia tena kwamba aliwachukuza watu mawe hali wamekaa kitako, wakijikokota chini, wasithubutu kusimama. Kama masimulizi yametiwa chumvi au hayakutiwa, mafundisho yake ni wazi. Kuta zilisimama, maana mikono ya mtu yaweza kulazimishwa. Lakini akili haikamwi. Mtu mwenye akili nyingi, ukimtisha, atakupa mikono yake tu. Akili yake ataificha mpaka apate njia ya kuondoka. Ndiyo sababu mkubwa mkali huzungukwa na watu wa kuitikia "Naam, bwana," akadhani ya kuwa nchi nzima haina mtu hodari.

Sasa tuvuke bahari mpaka Unguja, tumtazame mkubwa wa namna nyingine. Mwaka 1864 alifika huko Edward Steere, pamoja na Askofu Tozer. Steere hakuwa mtu mdogo wa elimu. Katika nchi yake ya Uingereza alikuwa amesoma sheria hata kupata daraja ya udaktari. Angaliweza kukaa kitini na kungoja watu waje kusoma kwake. Yeye alifanya kinyume. Alitaka kuijua lugha ya Kiswahili, akaona kwamba mabingwa wa lugha hiyo hawamo nyumbani mwake, wamo mjini. Basi akawatafuta, akawa mwanafunzi wao.

Mmoja wao alikuwa Sheikh Abdul Aziz bin Abdulghani wa Barawa, kadhi wa Unguja, mwanachuoni aliyesifiwa pwani yote. Fikirini jinsi watu hawa wawili walivyokuwa mbalimbali: mmoja kasisi wa Kikristo, wa pili kadhi wa Kiislamu. Walakini Sheikh mwenyewe ndiye aliyejitolea kumfasiria Steere Zaburi, kutoka Kiarabu kuingia katika Kiswahili kilicho safi. Hakuajiriwa wala hakubembelezwa. Mtu wa elimu huvutwa na mtu anayeipenda elimu ile ile, kama nyuki avutwavyo na ua.

Lakini kazi ile haikwisha. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, tena Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno, hakikulingana na haja ya watu wa kawaida waliokusudiwa. Walifika Zaburi ya sita, wakakoma. Hapa ndipo wakubwa wengi huharibu. Mtu hodari asipotimiza yote waliyoyatumaini, humnunia, na jina lake halitajwi tena. Steere hakufanya hivyo. Alipochapisha kitabu chake cha mafundisho ya Kiswahili, mwaka 1870, alimtaja Sheikh katika dibaji, akaeleza wazi wema aliotendewa, na pia sababu ya kazi kukoma. Wala hakumsahau kijana mmoja, Hamisi wa Kayi, ambaye hakuwa kadhi wala mwanachuoni. Alimsifu kwa wepesi wake wa kufahamu swali la mgeni na kulieleza jambo gumu. Sheikh mkubwa na kijana wa mjini, wote wawili wamo katika dibaji moja.

Tuangalie neno jingine. Sheikh Abdul Aziz aliishi na kufa katika dini yake, mwaka 1896, na Steere katika yake, mwaka 1882. Hakuna aliyemmiliki mwenziwe. Wako wakubwa wasioweza kumpenda mtu hodari ila kwanza awe wao: ale kwao, aseme kama wao, awachukie adui zao. Huyo hatafuti rafiki, atafuta kivuli chake mwenyewe. Kilichowaunganisha watu wale wawili ni kazi na heshima, na hivyo vilitosha.

Na masultani nao walimjua Sheikh huyo. Sayyid Said alimpa ukadhi wa Kilwa angali kijana, na baadaye Sayyid Barghash akamtuma safari za ujumbe upande wa mto Ruvuma. Hapa mna hekima. Kama Sayyid Said angalisema, "Kijana huyu ana akili, lakini na angoje ndevu zake ziote mvi," huenda kijana angalikwenda kuzingoja kwingine. Mtu wa kipawa kikubwa akipewa kazi ndogo kila siku huona kwamba hajulikani. Mpe mzigo unaomlingana, hata kama mabega yake ni machanga, nawe ukae karibu.

Huko Mombasa mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kasisi William Taylor alitaka kuzijua tungo za Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa mji ule. Mwenye hazina hiyo alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye alikuwa akizikusanya kwa watu waliozihifadhi moyoni. Taylor alikaa naye kama mwanafunzi, akaziandika pamoja na maelezo yake. Mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikapigwa chapa, nasi leo twaisoma. Kama Taylor angalijiona mwalimu kwa kila mtu, sehemu kubwa ya mali hii ya Waswahili wote ingalipotea pamoja na wale walioihifadhi.

Baada ya kuwasifu watu wa zamani, haki inatutaka tuseme na kosa letu wenyewe.

Miaka kadha iliyopita, mahali tulipokuwa tukifundisha, alitujia kijana mmoja kufundisha hesabu. Tangu juma la kwanza tuliona ya kuwa hakuwa mtu wa kawaida. Watoto waliokuwa wakijificha saa ya hesabu walianza kufika mapema. Siku moja aliomba ruhusa awatoe watoto darasani wakati wa karafuu, awapeleke uwanjani palipoanikwa, wapime mbichi, wapime kavu, wahesabu upungufu na ujira wa mchumaji. Tulimkatalia. Tulisema kwamba watoto watachafua nguo na wazazi watanung'unika. Kisha tukampa kazi ya kuandika daftari la mahudhurio na kuangalia ufagizi wa ua, maana yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Alipokosea jambo dogo tulimwonya mbele ya wenziwe. Alipofanya jambo kubwa tulinyamaza, na nyoyoni tulijitetea kwa mithali isemayo, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Mwaka wa pili ulipokwisha alituaga kwa adabu, akashuka Mkoani, akapanda chombo. Tulimwandikia barua ndefu ya kumlaumu kwa kuwaacha watoto. Majibu yake yalikuwa mafupi. Alituamkia, akawasalimu watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha akaandika: "Shikamooni. Kwa miaka miwili hamkuniuliza shauri hata moja." Tuliisoma barua ile, tukaikunja, tukaitia sandukuni. Imo mpaka leo. Na watoto wale, wengi wao walirudi kujificha saa ya hesabu.

Basi mithali ya mgema ni ya kweli, lakini tuliitumia pasipo mahali pake. Mgema wa mithali ni yule mwenye kulewa sifa akaharibu kazi. Lakini wahenga hao hao walisema pia, "Chanda chema huvikwa pete." Kumshukuru mtu kwa kazi aliyoitenda si kumlevya, ni kulipa deni. Wengi wetu twalificha deni hilo kwa sababu ya woga, wala si kwa hekima: twaogopa kwamba sifa za kijana zitapunguza zetu.

Kwa hiyo ndugu yetu aliyekuja barazani, haya ndiyo majibu tuliyopasika kumpa jioni ile. Usimngoje mtu hodari aje kuomba. Umwendee, kama Steere alivyowaendea wenye lugha. Ukimpata, umwulize, kisha unyamaze usikie. Umpe kazi inayostahili kipawa chake, wala usimpe mabaki. Ukimwonya, umwonye faraghani. Ukimshukuru, mshukuru mbele ya watu, tena kwa jina lake. Akishindwa jambo moja, usiyafute tisa aliyoyaweza. Na siku atakapotaka kuondoka kwa heri, mfungulie mlango kwa mkono wako mwenyewe, kwa kuwa aliyeagwa vizuri hurudi, na asiporudi hutuma wengine. Mshahara umlipe kwa wakati wake. Huo ni haki yake hata kama hana kipawa chochote.

Na kwenu wazazi, twawaachia kazi moja ya mwezi huu. Kila nyumba ina mtoto mmoja anayeuliza maswali kuliko wenziwe, naye mara nyingi huambiwa, "Nyamaza, wewe ni mtoto." Jioni moja, baada ya chakula, mwiteni akae karibu, mwulizeni shauri juu ya jambo la kweli la nyumbani: mbegu ipi ipandwe, au kuku wangapi wauzwe. Mkilifuata shauri lake, mwambieni kwamba mmelifuata. Msipolifuata, mwelezeni kwa nini.

Sisi nasi tumekwisha kuanza. Juma lililopita tulimwandikia barua yule kijana wa hesabu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Hatukumlaumu. Tulimwomba shauri: wakati wa karafuu ukifika, watoto wakipelekwa uwanjani kupima, waanze na somo lipi? Twangoja majibu yake, nayo yakifika, tutawapa habari.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.