Goti la Mbwa Mkubwa na Hesabu ya Wiki Kumi na Mbili

Mbwa wa ulinzi mwenye uzito wa kilo 40 aanzapo kuchechemea kwa mguu wa nyuma, dhana ya kwanza ya mwenyewe huwa ni mwiba. Mnyama hupumzishwa siku mbili tatu, hupata nafuu, kisha huchechemea tena. Mara nyingi kilichoharibika si wayo bali ni goti, na ndani ya goti hilo ni kano ya mbele, mojawapo ya kano mbili zinazopishana na kuufunga mfupa wa paja pamoja na muundi.

Kwa mwanadamu kano hiyo hukatika kwa ghafla, kama ipatavyo kwa mcheza mpira anayegeuka huku mguu umekita chini. Kwa mbwa mambo ni mengine. Kano huchakaa uzi kwa uzi, mfano wa kamba ya ndoo ya kisimani, hata siku moja mnyama akaruka kizingiti tu na ikamalizika. Ndiyo sababu wengi walioumia goti moja huja wakaumia na la pili. Daktari wa mifugo huligundua jambo hili kwa mikono: hushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, na iwapo muundi utateleza mbele kama mtoto wa meza anayevutwa, jibu limepatikana.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Upasuaji wa zamani hufunga uzi mnene wa nailoni nje ya goti. Haukati mfupa, gharama yake ni nafuu, na mbwa mdogo huufaidi sana. Lakini chini ya uzito mkubwa uzi huweza kulegea au kukatika kabla ya nyama za pembeni kukakamaa. Mwaka 1993 Barclay Slocum wa Oregon, Marekani, alieleza njia tofauti kabisa. Aliona kwamba uso wa juu wa muundi wa mbwa una mteremko, mara nyingi wa nyuzi 25 hivi, na kila mbwa akanyagapo muundi husukumwa mbele. Basi akaukata mfupa kwa msumeno wa mviringo, akauzungusha hata mteremko ukabaki nyuzi chache tu, akaufunga kwa bamba la chuma na skurubu. Kano haikurudishwa, kazi yake ndiyo iliyoondolewa. Kwa mbwa mkubwa na mchangamfu, njia hii ndiyo yenye hoja nzito zaidi.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba kisu ndicho tiba nzima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kuwa, kwa mapumziko bila upasuaji, mbwa wengi wenye uzito wa chini ya kilo 15 walipata nafuu, ilhali kwa waliozidi uzito huo hawakufika hata mmoja katika watano. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2013, uliwahusu mbwa 40 wanene. Wote walipunguziwa chakula na kufanyishwa mazoezi ya viungo, na baadhi yao wakapasuliwa pia. Baada ya mwaka mmoja, waliofanikiwa miongoni mwa waliopasuliwa walikuwa asilimia 75, na miongoni mwa wasiopasuliwa asilimia 64 hivi. Vipimo vya chunguzi hizo mbili havikuwa sawa, kwa hiyo tarakimu zake hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini ni dhahiri kwamba kupunguza unene na kufanya mazoezi si mapambo ya tiba.

Wapo wanaosema kuwa ni israfu kutumia fedha nyingi kwa mguu wa mbwa. Hoja hiyo ina uzito katika nyumba yenye ada za shule. Lakini goti lililoachwa halikai bure: gegedu husagika, na yabisi huingia. Asiyemudu upasuaji anayo njia ya heshima, nayo ni kumkondesha mnyama, kumtembeza kwa kamba, na kumpa dawa ya maumivu iliyoandikwa na daktari wa mifugo. Vidonge vya watu, kama ibuprofeni, huweza kumdhuru tumbo na figo.

Anayemudu naye yafaa aulize swali moja kabla ya kulipa: nani atakayeshika kamba? Kwa wiki 12 hivi mbwa hatakimbia, hataruka, wala hatafunguliwa usiku kuzunguka ua. Atatolewa haja kwa kamba fupi. Atakandwa kwa barafu siku za mwanzo. Matembezi yataongezwa dakika chache kila wiki, kisha kuketi na kuinuka, kisha kupanda kilima taratibu. Kazi hiyo mara nyingi huwa ya askari wa getini au mtunza bustani, mtu ambaye hakuitwa hata siku moja kusikiliza maelezo ya daktari. Aitwe. Akimfungulia mbwa katika wiki ya pili kwa kumwonea huruma, skurubu zitalegea na fedha yote itakuwa imepotea.

Eksirei ya kuangalia kama mfupa umeunga hupigwa yapata wiki ya nane. Hadi picha hiyo ionekane, kamba haivuliwi, hata mbwa akisimama getini kwa miguu yote minne na kumbwekea kila mpita njia.